Pambano Moja la Launceston Elliot

Hotuba hii niliitoa mbele ya vijana wa klabu yetu ya mieleka, wazazi wao na walimu, siku tulipofunga mazoezi ya mwaka. Nimeiandika karibu vilevile nilivyoisema.

Wazazi wetu, walimu, makocha wenzangu, na ninyi vijana mliokaa chini mkekani ili wakubwa wapate viti: hamjambo?

Mwenyekiti aliponiomba niseme machache, alitaka nizungumzie bingwa. Nimemleta bingwa, lakini nimempitisha mlango wa uani. Katika orodha ya mabingwa wa Olimpiki kutoka Uingereza, yeye ndiye jina la kwanza kabisa. Waskoti humhesabu kuwa wao, na wana haki. Ila kwenye mieleka, mchezo uliotukutanisha hapa, Olimpiki ilimpa pambano moja tu, na katika pambano hilo aliangushwa upesi. Anaitwa Launceston Elliot. Nataka tumtazame vizuri mtu huyu na pambano lake hilo moja.

Alizaliwa India mwaka 1874, katika jimbo la Bombay, ambako baba yake alikuwa hakimu wa serikali ya kikoloni. Ukoo wake ni wa Elliot wa Minto, watu wakubwa wa kusini mwa Uskoti, karibu na mpaka wa England. Babu yake, Sir Charles Elliot, alikuwa afisa wa jeshi la majini na gavana. Jina Launceston ni la mji ulioko kisiwani Tasmania, kule Australia, ambako wazazi wake walipita kabla hajazaliwa. Kwa hiyo mnaona: damu ya Uskoti, kuzaliwa India, jina la Tasmania. Mwaka 1887 baba alistaafu, akawapeleka watoto England na kuanza kilimo huko Essex. Kijana alikuwa na miaka 13, na mwili wake ulikuwa umeanza kuwashangaza watu.

Alijifunza kwa Eugen Sandow, mwalimu wa nguvu aliyekuwa maarufu kuliko wote wakati ule. Mwaka 1891, akiwa na miaka 16, aliingia mashindano ya kwanza ya kunyanyua uzani ya Uingereza, yaliyofanyika London. Hakushinda. Alirudi kwenye vyuma, na mwaka 1894 akalichukua taji hilo. Kutoka 1891 hadi 1894 ni miaka mitatu. Wale wenu mnaoniuliza kila Jumamosi "Kocha, lini nitapangwa kwenye mashindano?" naomba mwihesabu vizuri miaka hiyo.

Kabla sijampeleka Athens, niseme kidogo juu ya neno moja. Sisi tunasema mwanamieleka wa ridhaa. Nalipenda sana neno hili. Ridhaa ni kukubali kwa moyo: mtu hufanya jambo kwa ridhaa yake, hakuna aliyemkokota wala aliyemnunua. Enzi za Elliot, ridhaa ya michezo ilikuwa na upande wake mbaya, na sitauficha. Kanuni za wakati ule ziliwafaa zaidi watu wenye mashamba na akiba, wale ambao wangeweza kusafiri wiki nzima hadi Ugiriki bila kuulizwa nani anawalisha watoto nyumbani. Mchukuzi wa mizigo wa Glasgow angeweza kuwa na nguvu kuliko Elliot, na tusilijue jina lake hadi leo. Hilo ni kweli na linauma. Lakini ridhaa yenyewe, ile ya kupanda ulingoni kwa sababu moyo umekubali, haikuwa mali ya matajiri peke yao, na hata sasa haiwezi kuwa.

Haya, Athens, Aprili 1896. Olimpiki ya kwanza ya zama hizi, ndani ya uwanja wa marumaru uliojengwa upya juu ya uwanja wa kale. Elliot alikuwa na miaka 21, na alijiandikisha kwa michezo minne: kunyanyua uzani, mieleka, kupanda kamba na mbio za mita 100. Leo kocha akisikia hivyo atakwambia umechanganyikiwa. Wakati ule mtu alijipima kwa kila kitu.

Kwenye kunyanyua kwa mikono miwili, yeye na Viggo Jensen wa Denmark walifika kilo 111.5 kila mmoja. Mwamuzi alikuwa Mwanamfalme George wa Ugiriki, naye akaamua kwamba Jensen amenyanyua kwa unadhifu zaidi, kwa kuwa Elliot alisogeza mguu. Waingereza wakalalamika. Wanyanyuaji wakapewa nafasi nyingine, hakuna aliyeongeza hata kilo, na ushindi ukabaki kwa Jensen. Mguu mmoja, wanangu. Ndiyo maana nawapigia kelele juu ya miguu.

Kisha wakanyanyua kwa mkono mmoja. Jensen alikuwa ameumia katika zile juhudi za kwanza, akaishia kilo 57. Elliot akainua kilo 71, akawa bingwa. Tuzo ya mshindi haikuwa dhahabu mwaka ule: alipewa medali ya fedha na tawi la mzaituni. Taarifa rasmi ya michezo ile ina kisa kimoja ninachokipenda. Mtumishi mmoja aliambiwa aondoe vyuma uwanjani, akashindwa kuvisogeza. Mwanamfalme George, mtu mrefu mwenye nguvu, akashuka, akakishika kimoja na kukitupa pembeni kana kwamba ni kiti. Uwanja mzima ukamshangilia. Taarifa hiyohiyo inausifu uzuri wa Elliot kwa maneno mengi: umbo lake, urefu wake, weupe wa nywele zake. Watu walikuwa wanamtazama yeye.

Kwa hiyo siku ya mieleka ilipofika, tarehe 10 Aprili, nani angedhani ataanguka?

Mpinzani wake alikuwa Mjerumani, Carl Schuhmann. Huyu alikuwa mtu wa jimnastiki, mwenye urefu wa mita 1.63. Hakukuwa na makundi ya uzani. Washindani walikuwa watano tu, wakubwa kwa wadogo katika chungu kimoja. Hakukuwa na muda maalumu pia. Watu walishikana hadi mmoja aanguke. Elliot na Schuhmann wakaingia. Jitu lililoinua kilo 71 kwa mkono mmoja, na mtu ambaye kichwa chake hakikuzidi sana kifua cha jitu. Schuhmann akamwangusha, na haikuchukua muda.

Wembamba wa reli, garimoshi hupita.

Schuhmann aliendelea hadi fainali dhidi ya Georgios Tsitas wa Ugiriki. Walishikana dakika 40, giza likaingia, pambano likaahirishwa hadi kesho yake, na asubuhi hiyo Mjerumani akalimaliza. Alirudi kwao na ushindi wa mieleka pamoja na ushindi wa jimnastiki mara tatu.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu mimi ni kocha na jambo hili limenishughulisha miaka mingi. Elliot alishindwa na nini? Si woga, na nguvu alikuwa nazo tele. Nadhani alishindwa na kitu ambacho chuma hakikumfundisha. Chuma hakikwepi. Ukikiendea kinakungoja palepale, na ukishajua mahali pa kukishika, kesho utakishika hapohapo. Mtu ni kitu kingine kabisa. Ukimvuta anakuja nawe zaidi ya ulivyotaka, ukimsukuma anageuka, ukimwinua anakuwa mzito kwa upande usioutegemea. Na mwanajimnastiki ni mtu aliyeshinda maisha yake yote akijua mwili wake uko wapi hewani, akibeba uzito wake mwenyewe kwa vidole. Mtu kama huyo akiingia chini yako umekwisha. Ninyi mnajua ninavyosema hapa: mwenye kitovu chini ya kitovu chako amekuwahi. Wazee wetu walisema mti hauendi ila kwa nyenzo, na katika mieleka nyenzo ni nyonga.

Ninalo jambo langu la kukiri kuhusu hili. Miaka kadhaa iliyopita alikuja hapa kijana mpakizi wa bandarini. Mabega yake yalijaza mlango. Nilifurahi mno, na furaha ile ikanifanya nifanye kosa. Siku yake ya kwanza, mbele ya wenzake, nilimpanga na kijana mwembamba aliyekuwa na miaka mitatu ya mazoezi. Nilitaka kuwaonyesha wote somo la Schuhmann. Somo walilipata. Yule kijana aliinuka, akajipangusa, akatusalimia kwa adabu, na hakurudi tena. Nilimtafuta mara mbili. Kila nikisoma habari za Elliot namkumbuka yeye, na najua kwamba lililokosekana siku ile halikuwa kwake, lilikuwa kwangu. Mtu aliyekuja kwa ridhaa yake nilimgeuza mfano wa kufundishia wengine.

Elliot yeye aliangushwa mbele ya watu wengi kuliko hao. Na katika mita 100 hakuvuka mchujo, na kwenye kupanda kamba alikuwa wa mwisho. Hebu fikirini: mtu amekuwa bingwa, angeweza kukaa kivulini na tawi lake la mzaituni. Alikwenda kwenye mieleka, akaanguka. Alikwenda kwenye kamba, akashindwa kufika juu. Miaka minne baadaye, Paris, mashindano ya kunyanyua uzani hayakuwepo kwenye Olimpiki. Akaenda hivyohivyo, akajiandikisha kurusha kisahani, mchezo ambao hakuwa na matumaini makubwa ya kushinda. Hili kwangu ni kubwa kuliko zile kilo 71.

Baadaye aliiacha ridhaa na kuingia maonyesho ya kulipwa katika kumbi za burudani. Onyesho lake moja lilikuwa hivi: anaweka mtaimbo mabegani, kila ncha imening'inizwa baiskeli, juu ya kila baiskeli kuna mtu, naye anazunguka hadi wapanda baiskeli wanaruka hewani kama pembea. Simlaumu. Mtu hula kwa mwili aliopewa. Mwaka 1923 alihamia Melbourne, Australia, na akafa huko mwaka 1930, akiwa na miaka 56.

Sasa mzazi mmoja anaweza kuniuliza: Waskoti wenyewe mieleka yao ikoje? Wanayo, ya zamani sana. Kwenye tamasha zao za michezo ya nyanda za juu, pale wanapotupa magogo na mawe, wanapigana mtindo wa kushikana mgongoni. Wapinzani wanasimama kifua kwa kifua. Kila mmoja anaweka kidevu juu ya bega la kulia la mwenzake, mkono wake wa kulia unapita chini ya kwapa la kushoto la mwenzake, na viganja vinafungana mgongoni. Refa akiridhika na mishiko, mchezo unaanza. Atakayeachia mshiko, au atakayegusa chini kwa kitu chochote isipokuwa nyayo, ameshindwa. Hakuna kugaragara. Ni mchezo mfupi, wa heshima, na mtu mzima anaweza kuucheza majanini bila kifaa chochote.

Na katika mtindo wa kimataifa wamepata mabingwa. Mwaka 1934, kwenye Michezo ya Dola ya Uingereza kule London, ile ambayo leo tunaiita Michezo ya Jumuiya ya Madola, kulikuwa na dhahabu 7 za mieleka. Kanada ilibeba 4, Australia 1, Afrika Kusini 1. Ya uzani wa bantam ilikwenda Uskoti, kwa Edward Melrose. Nchi ndogo, uzani mdogo, dhahabu kamili. Mwaka huohuo Rashid Anwar alichukua shaba ya mieleka, medali ya kwanza kabisa ya India katika michezo hiyo.

Michezo ile ya 1934 awali ilikuwa ifanyike Johannesburg. Ilihamishwa kwa hofu ya jinsi wanamichezo weusi na wa Asia ambavyo wangetendewa kule. Miaka 52 baadaye Afrika Kusini ileile iliigusa michezo hiyo tena, na safari hii iligusa na maisha yangu.

Mwaka 1986 michezo ilikuwa Edinburgh, Uskoti. Nilikuwa kijana wa mazoezi ya asubuhi na jioni, sikuwa bora kuliko wote, lakini nilikuwa na kaka zangu wa mkekani waliokuwa na ndoto ya kufika kule. Serikali ya Uingereza ilikataa kuiwekea Afrika Kusini ya ubaguzi vikwazo vya maana. Nchi 32 kati ya 59 zilisusia. Kenya ilisusia, Tanzania ikasusia, Uganda ikasusia. Tulisikia habari hizo redioni, tukiwa tumekaa kwenye ngazi za ukumbi na mifuko yetu ya mazoezi. Hakuna aliyesema neno kwa muda mrefu. Kisha mkubwa wetu mmoja akasimama, akaingia ndani, akaanza kutandika mkeka. Tukamfuata, tukafanya mazoezi kama siku nyingine. Hatukuulizwa ridhaa yetu siku ile. Nimelifikiria jambo hilo kwa miaka mingi, na nawaambia kwa moyo mweupe: tungeulizwa, ningekubali. Watu walikuwa wanafungwa na kuuawa kule kusini. Lakini kaka zangu walipoteza kitu ambacho hawakukipata tena, na ningependa mwaheshimu kwa hilo, maana wengine wameketi hapa mbele, katika viti hivi.

Uskoti ilikuwa mwenyeji tena mwaka 2014, Glasgow. Hapo Viorel Etko alishinda shaba ya mieleka kwa Uskoti. Etko alizaliwa Moldova. Alex Gladkov naye akaiongezea Uskoti shaba nyingine. Nilipoona majina hayo niliwaza juu ya Elliot wa India na Tasmania. Mkeka hauulizi ulizaliwa wapi.

Lakini sasa nije kwenye jambo linaloniuma, na ndilo lililonifanya nimchague Elliot. Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2026 ilipangwa kufanyika jimbo la Victoria, Australia, jimbo ambalo Elliot amezikwa. Victoria ikajitoa mwaka 2023 kwa sababu ya gharama, na Glasgow ikaikubali michezo hiyo kwa ratiba iliyopunguzwa: michezo 10 tu. Ndondi imo, judo imo, kunyanyua uzani imo. Mieleka haimo. Katika michezo miwili mikubwa ya Elliot pale Athens, ule uliompa ushindi umebaki, na ule uliomwangusha umeondolewa. Katika mji uleule ambako Etko na Gladkov walipata shaba zao.

Vijana wamekuja kuniuliza, mmoja mmoja, wakinong'ona, kama bado kuna maana ya kuamka saa kumi na moja alfajiri. Ninyi wasichana hasa, ambao mlango wa mieleka ya Olimpiki mmefunguliwa mwaka 2004 tu, na wa Madola mwaka 2010. Mmeingia juzi, na tayari mnaona watu wanatoa viti.

Nitawapa ninachokijua. Mieleka ilitolewa kwenye Michezo ya Madola mwaka 1990, ikarudi. Ikatolewa 1998, ikarudi. Ikatolewa 2006, ikarudi. Februari 2013 wakubwa wa Olimpiki walipendekeza iondolewe kuanzia 2020, mchezo uliokuwemo katika Olimpiki ya kale tangu mwaka 708 kabla ya Kristo. Wanamieleka wa nchi ambazo serikali zao haziamkiani walisimama bega kwa bega kuipinga, na Septemba mwaka huohuo ikarudishwa. Kila iliporudi iliwakuta watu mkekani. Kama wangekuwa wamekunja mikeka na kwenda nyumbani, ingerudi kwa nani?

Siwaahidi Glasgow, wala sina uwezo wa kuwaahidi mji wowote. Elliot alipovua koti lake siku ile ya Aprili hakuna aliyekuwa amemwahidi kitu kwenye mieleka. Alikuwa ameshapata alichokifuata Athens. Aliingia tu, kwa ridhaa yake, akamshika mtu ambaye hakuwa chuma.

Kuhusu yule mpakizi wa bandarini, mwezi uliopita nilikutana naye sokoni. Ana mtoto wa kiume wa miaka minane. Nilimwomba radhi, palepale, kati ya mafungu ya mchicha, akacheka akasema alishasahau. Sidhani alikuwa amesahau. Nilimkaribisha leo, na amekuja. Amesimama pale nyuma karibu na mlango, na mtoto yuko naye.

Nimemaliza maneno. Vijana, ondokeni katikati mtupishe mkeka. Baba, karibu mbele, vua viatu. Nataka mtu mwenye mabega kama yako aje ashikane nami kwa mtindo wa Waskoti, mbele ya mwanao. Kidevu chako juu ya bega langu la kulia. Mkono wako wa kulia upite chini ya kwapa langu. Funga viganja. Mwalimu, wewe ndiye refa, tazama mishiko yetu vizuri kabla hujasema anza.